Kuonyesha simu kwenye TV bila waya: kabla hujanunua kidude, pitia uzi huu

FundiWaMakadara

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo nyote.

Watu wengi wanunua kidude cha HDMI (kile cha kuchomeka kwenye TV ili ipokee picha ya simu) kwanza, kisha ndipo waulize kama simu yao yaweza kukitumia. Ndiyo maana droo za nyumba nyingi hapa Mombasa zina vidude ambavyo havijawahi kuwaka zaidi ya mara moja. Nayaandika haya pahali pamoja, atakayeuliza tena nimtume hapa.

Njia za kutoa picha kwa simu hadi kwa TV bila waya ni mbili, na hazifanani, hata kama simu yako imeziandika zote mbili kwa jina moja.

Ya kwanza ni kuakisi. Simu yachukua picha nzima ya kioo chake, yaifinya, yaituma papo hapo, na TV kazi yake ni kuonyesha tu ilichotumiwa. Ukizima kioo cha simu, TV nayo giza. Meseji ikiingia, TV yaionyesha mbele ya wageni. Hiyo ndiyo Miracast, ambayo Wi-Fi Alliance waliileta 2012. Hutumia Wi-Fi Direct, maana yake simu na TV zashikana zenyewe kwa zenyewe. Haihitaji ruta, haihitaji intaneti. Uko Jomvu huna Wi-Fi nyumbani, wataka kuonyesha picha za harusi? Yawezekana bila hata senti ya bando.

Ya pili ni kukasti. Hapa simu haitumi picha yoyote. Yaiambia TV tu kwamba video fulani iko mahali fulani, TV yaenda kuichukua yenyewe kwa intaneti, na simu yabaki kuwa rimoti. Waweza kuzima kioo, kupokea simu, kufungua mambo yako mengine, filamu yaendelea. Chromecast ya kwanza ya Google ilitoka 2013 kwa dola 35 ikaifanya njia hii ijulikane. Agosti 2024 Google walitangaza kuwa Chromecast haitengenezwi tena, wakaleta Google TV Streamer, lakini msiogope: teknolojia yenyewe imo ndani ya TV zote za Android TV na Google TV. Sharti lake ni kuwa simu na TV ziwe kwenye mtandao mmoja, na TV yenyewe ifike kwenye intaneti.

Wa iPhone, nyinyi mna AirPlay, na hiyo yafanya kazi zote mbili. Miracast iPhone haina wala haijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo mtu akikuuzia kidude akasema "chashika simu zote," muulize kama kimeandikwa AirPlay. Samsung, LG na Sony walianza kuweka AirPlay 2 ndani ya TV zao 2019.

Kwenye simu za Samsung kuakisi kwaitwa Smart View. Kwenye Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na wengine jina hubadilika kila toleo. Vuta pazia la juu, tafuta alama ya kijistatili chenye mawimbi matatu kwenye pembe. Usipoiona huko wala kwenye mipangilio ya miunganisho, yawezekana simu yako haina kabisa, maana baadhi ya simu za bei ya chini hazikuwekewa. Simu za Pixel nazo hukasti tu, Miracast Google waliiondoa kwenye simu zao tangu Android 6 ya 2015.

Na jambo moja wengi hawalijui: TV nyingi hazimsikilizi mtu mpaka uzifungulie. Ukitaka kuakisi, shika rimoti ya TV kwanza, ufungue programu yake ya kupokea skrini. LG huiita Screen Share. Hisense za zamani huiita Anyview Cast. Ndipo utafute kwa simu.

Ukiuliza, andika simu yako, TV yako, na kama nyumbani kuna Wi-Fi. "Yagoma" peke yake sitaijibu.


BintKibokoni

Shukran sana Fundi. Mimi nyumba yetu iko Mji wa Kale, ya zamani, ghorofa mbili. TV ni ya Android, simu ni Infinix, na Wi-Fi ya nyumbani tunayo. Ruta iko chini karibu na mlango, TV iko juu sebuleni. Kukasti kwaanza vizuri, baada ya muda kile kiduara chazunguka tu. Ajabu ni kuwa nikishika simu pale pale mbele ya TV, YouTube kwenye simu yaenda bila tatizo. Jamaa wa intaneti alikuja, akapima pale chini kwenye ruta, akasema spidi iko sawa, akaenda zake.

Watoto washanichoka.


FundiWaMakadara

@BintKibokoni hapo jamaa alipima ruta, hakupima TV. Na wewe wapima simu, nayo vilevile si TV. Kumbuka nilivyosema: ukikasti, anayechukua video ni TV yenyewe. Simu yako kuwa na mtandao mzuri haisaidii kitu.

Nyumba za huko ni mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kuliko hizi za bloku tunazojenga leo huku. Masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz yaenda kasi lakini ukuta kama huo wayameza. Ya 2.4 GHz yapenya zaidi, ila hapo Kibokoni nyumba zimebanana na ruta za majirani zote ziko humo humo: kwenye 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Na simu yako wazunguka nayo, waigeuza, yapata. TV imetundikwa, antena yake ndogo iko mgongoni, imebanwa kati ya bodi ya TV na jiwe.

Fanya hivi. Ingia kwenye TV yenyewe, fungua YouTube kwa rimoti bila simu. Ikikwama, basi kukasti hakuna kosa, ni Wi-Fi ya TV. Dawa nzuri kuliko zote ni kupitisha waya wa LAN kutoka ruta hadi mgongoni mwa TV, uupitishe kwenye uwazi wa ngazi. Simu ibaki kwenye Wi-Fi. Zote mbili zitakuwa mtandao mmoja na alama ya kukasti itatokea kama kawaida. Najua uzi ni wa "bila waya," lakini waya huo mmoja uliotulia ukutani ndio utakaokupa raha ya kukaa na simu bila waya.

Kama mwenye nyumba hataki kuta ziguswe, nunua ruta ya pili uiweke juu. Lakini iwekwe iwe ya kusambaza mtandao ule ule wa chini. Ukiiacha ijiendeshe kama ruta kamili itaunda mtandao wake mwingine, simu ikiwa kwa huu na TV kwa ule hazitaonana, utarudi hapa kuniuliza tena.

Na yashangaza, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zatua hapa hapa Mombasa tangu 2009. Data yatoka Fujairah huko Emirati, yavuka bahari nzima salama, yaja kushindwa na ngazi ya nyumba.


MzeeWaBaraza

Vijana, kwani Bluetooth haitoshi? Spika yangu yashika kwa Bluetooth.


FundiWaMakadara

Haitoshi, mzee wangu. Bluetooth yabeba sauti, video haiwezi, ni nyembamba mno. Ukiona TV yako imeandika Bluetooth ni kwa ajili ya spika, visikizi vya kichwani na rimoti.


Kamau_wa_Bamburi

Sasa wakuu. Mimi naishi flati Bamburi, na shida yangu ni kinyume cha zenu. Sitaki mtu aonyeshe chochote kwa TV yangu. Tumekaa na wageni, TV inaandika simu fulani inataka kuunganishwa. Mtoto akabonyeza OK. Jirani wa juu akaanza kutuonyesha status zake za WhatsApp, moja baada ya nyingine, na hajui kama tunaziona. Tuliangalia kidogo (sitadanganya) kabla mama watoto azime.


Sharifa_Tudor

😂😂😂 Wallahi ningeacha iendelee.


FundiWaMakadara

@Kamau_wa_Bamburi hiyo ni Miracast. Kwa vile zashikana zenyewe kwa zenyewe, nenosiri la Wi-Fi yako halimzuii mtu. Jirani huenda alidhani achagua TV yake, maana TV za kampuni moja zikitoka dukani huwa na majina yanayofanana. Ingia mipangilio ya TV, ibadilishe jina, uite kitu ambacho hakuna mwingine atakuwa nacho. Kisha tafuta sehemu inayohusu vifaa vinavyounganishwa, uweke iulize kila mara au idai namba ya siri. Simu ya jirani ikiwa imeshakubaliwa, TV imeikumbuka, kwa hiyo iondoe kwenye orodha. Na mwambie jirani kwa upole. Yeye ndiye mwenye hasara.

Nanyi wengine, kabla ya kuakisi wekeni simu isitoe arifa. Mambo ya kwenye simu yako si ya sebuleni.


Mkisauni

Fundi mimi nakupinga hapo kwa bando. Umesema kuakisi hakuli hata senti. Mimi niliakisi mpira kwenye TV ya baraza, bando likaisha kabla ya kipindi cha pili. Kwa hiyo yala.


JuaKali_Changamwe

@Mkisauni mpira uliutoa wapi? Si uliutoa kwa intaneti? Bando lililiwa na ule mpira, si na TV. Hata ungeuangalia kwenye simu lingeisha.


Mkisauni

Kwenye simu haliishi haraka hivyo. Mimi najua bando langu.


FundiWaMakadara

Nyote wawili mna lenu la kweli.

Kuakisi kwenyewe hakutumii data ya mtandao wa simu. Video iliyoko ndani ya simu yako, picha, faili la PDF, vyote hivyo vyaenda kwa TV bure. Ukiakisi kitu kinachotoka mtandaoni, simu yakilipia mara moja tu, ile ya kukiteremsha.

Sasa hapa ndipo Mkisauni yuko sawa. Ukiwa na simu mkononi, programu nyingi zajichagulia ubora wa chini, kioo ni kidogo. Ukiona picha imekuwa na ukungu kwenye TV kubwa, wapandisha mwenyewe. Na ikiwa hukuakisi bali ulikasti kwa hotspoti, mambo huwa mazito zaidi, maana anayechagua ubora ni TV, na TV ikijiona yaweza HD yataka HD. Netflix wenyewe wasema HD hufikia GB 3 kwa saa, na 4K hufikia GB 7. Bando la hotspoti halitafika mbali hapo. Ingia kwenye programu ya TV, shusha hadi 480p. Macho ya barazani hayatalalamika sana.


Mkisauni

Hapo sawa. Na hotspoti yenyewe wairusha vipi? Mimi nikiwasha hotspoti kwa simu yangu, TV yashika, lakini alama ya kukasti kwenye simu hiyo hiyo mara nyingine yakataa kutokea.


FundiWaMakadara

Kwa sababu simu yako imekuwa ruta, na programu nyingine zatarajia simu iwe imeingia kwenye Wi-Fi, si kuwa ndiyo Wi-Fi. Simu nyingine zakubali, nyingine hazikubali. Njia isiyo na ubishi ni simu mbili: ya mmoja iwe hotspoti, ya pili pamoja na TV ziingie humo, mkasti kwa ile ya pili. Barazani hamkosi simu mbili.


Sharifa_Tudor

Nami nina langu. Kwetu Wi-Fi ni moja, TV na simu zote humo, nimehakikisha na jina la mtandao. Simu ya dadangu yatoa alama ya kukasti kwenye YouTube. Yangu haitoi. Nimeizima na kuiwasha, nimefuta YouTube nikairudisha. Haitoi.


FundiWaMakadara

Una VPN?


Sharifa_Tudor

Ipo 🙈 ya bure.


FundiWaMakadara

Izime. VPN yaipeleka simu nje ya nyumba, na TV yatafutwa ndani ya nyumba.

Ikiendelea kugoma, ni ruhusa. Kama ni iPhone, tangu iOS 14 ya 2020 kila programu yahitaji ruhusa ya kuangalia mtandao wa ndani, na watu wengi walipoulizwa mara ya kwanza walibonyeza hapana bila kusoma. Ingia mipangilio, faragha, mtandao wa ndani, uiwashe YouTube. Kwenye Android mpya angalia ruhusa ya vifaa vilivyo karibu. Na kama ruta yako ina mtandao wa wageni, hakikisha simu haijaingia huko, maana majina hufanana.


Sharifa_Tudor

VPN! Ndiyo yenyewe. Alama imetoka. Allah akubariki, na hiyo VPN naifuta kabisa.


MapokeziShanzu

Hilo la mtandao wa wageni nimelipenda kwa sababu ndilo swali letu la kila siku. Nafanya kazi mapokezi hotelini, sitasema wapi. Mgeni ateremka na simu yake, "niko kwenye Wi-Fi yenu, TV ya chumba iko kwenye Wi-Fi yenu, mbona hazionani?" Adhani TV ni mbovu. Wenzangu walikuwa wakimpeleka fundi chumbani, fundi atoka jasho bure.

Ruta za hoteli huwekwa makusudi ili kifaa cha mgeni mmoja kisione kifaa cha mwingine. Na ni vizuri, la sivyo wa chumba cha chini angecheza muziki kwenye TV ya juu saa nane za usiku. Hoteli zenye mfumo maalumu wa kukasti huunganisha simu na TV ya chumba chake pekee, lakini si zote zenye mfumo huo.

Kwa YouTube nimepata njia. Kwenye TV fungua YouTube, ingia mipangilio, kuna sehemu ya kuunganisha kwa msimbo wa TV. Itatoa namba. Kwenye simu, ndani ya YouTube, sehemu ya kutazama kwenye TV, waandika namba hiyo. Hapo simu na TV haziulizani mtandao. Hata mgeni akiwa kwa data ya laini yake yafanya kazi, bora zote mbili ziwe na intaneti.


FundiWaMakadara

@MapokeziShanzu umeniongezea maarifa ya kuwapa watu wa Airbnb huko Nyali. Njia hiyo yafaa pia kwa BintKibokoni akitaka kuchezea watoto katuni akiwa chini.


Mwanafunzi_TUM

Fundi mimi sina TV. Nina skrini ya kompyuta ya zamani, ina tundu la VGA tu, na simu ya Samsung. Laptopu imekufa. Nataka niandike kazi za chuo kwenye simu lakini nione kwenye skrini kubwa, na kibodi na kipanya cha Bluetooth ninavyo. Yawezekana?


FundiWaMakadara

Yawezekana, na swali lako limenipendeza kuliko yote.

Skrini hiyo haina Wi-Fi, kwa hiyo wahitaji kidude cha Miracast. Kidude chatoa HDMI, skrini yako yataka VGA, kwa hiyo katikati kuna kibadilishi. Nunua kibadilishi chenye elektroniki ndani yake na tundu la sauti pembeni. Ule waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule hautakusaidia, kwa sababu HDMI ni ya kidijitali na VGA ni ya analogi, lazima kuwe na kitu cha kugeuza. VGA pia haibebi sauti.

Kuna Samsung na Samsung. Zile za Galaxy S, tangu S8 ya 2017, zina DeX, na tangu Note 20 ya 2020 DeX yaenda bila waya. Ukiwa nayo, skrini yako yapata madirisha kama ya kompyuta, simu yabaki mkononi kwa mambo mengine. Simu nyingi za A hazina DeX. Nyingi kati ya hizo zina Smart View, nayo itakupa kioo cha simu vile kilivyo, kikubwa zaidi. Ilaze simu, andika hivyo hivyo, si mbaya.

Jambo la kuvumilia ni kuchelewa. Kipanya kitakuja nyuma ya mkono kidogo. Kwa kuandika insha utazoea. Kwa michezo ya risasi utakufa kila mara kabla hujamwona adui.

Na kama wapo wenye kompyuta nzima yenye Windows 10 au 11 wanaotaka simu ionekane humo, hamhitaji kidude. Windows ina sehemu ya kuongeza inayoitwa Wireless Display, ukiiweka kompyuta yenyewe yageuka mpokeaji wa Miracast.


JuaKali_Changamwe

Niseme kuhusu vidude vyenyewe, maana mimi naviuza na sitaki lawama. Boksi likiandikwa 4K kwa herufi kubwa, msiliamini. Vingi vya bei rahisi vyatoa 1080p mwisho. Kwa TV ya inchi 32 yatosha sana, lakini jueni mnachonunua.

La pili, stima yake. Watu hukichomeka kwenye USB ya TV. Tundu la kawaida la USB 2.0 latoa mA 500, yaani nusu ampea, na kidude kikianza kazi nzito hazikitoshi, chazima na kuwaka, chazima na kuwaka, wanirudishia wakisema ni kibovu. Chomeka kwa chaja ya simu ya ampea 1 ukutani. Nusu ya wanaorudi dukani dawa yao ni chaja.

La tatu ni la kwetu Pwani. Chumvi. Matundu ya HDMI ya TV zinazokaa karibu na bahari hushika kutu ya kijani, hasa tundu lisilotumika. Kabla hujasema kidude kimekufa, jaribu tundu jingine.


BabaZuhura

Ni kweli hayo ya chaja. Nina swali la filamu. Nikiakisi, YouTube yaonekana, picha zangu zaonekana. Nikifungua programu ya filamu ninayolipia, sauti yasikika lakini TV ni nyeusi tii. Rafiki yangu kanipa programu ya kuondoa hilo, niiweke?


FundiWaMakadara

Usiiweke. Hizo programu za "kuondoa" ndizo hukusomea hadi ujumbe wa M-Pesa.

Nyeusi hiyo si hitilafu. Wenye filamu wataka picha ifungwe kwa ulinzi wa HDCP njia nzima hadi kwenye TV, na kiungo kimoja kisipoutambua, vidude vya bei rahisi hasa, wafunga picha waacha sauti. Programu nyingine zazuia kuakisi moja kwa moja. Kampuni nazo hubadilisha nia: Netflix waliondoa AirPlay 2019. Njia halali ni programu hiyo hiyo uiweke kwenye TV uingie kwa akaunti yako, au uikasti kama wamekuruhusu, badala ya kuakisi. Umeshalipa, usihangaike na njia za panya.


Kamau_wa_Bamburi

Nimerudi. Jirani tumemaliza naye vizuri, ameleta hata mahamri. Lakini sasa stima ilipotea usiku mzima, imerudi, TV inashika Wi-Fi, lakini YouTube inasema hakuna muunganisho na kukasti kumekataa. Ruta iko sawa, simu ziko sawa.


FundiWaMakadara

Angalia saa ya TV. Inasema mwaka gani?


Kamau_wa_Bamburi

2018 😳


FundiWaMakadara

Basi. TV na YouTube huonyeshana vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. TV ikidhani ni 2018, cheti cha leo kwake bado hakijazaliwa, yakikataa. Weka tarehe mwenyewe, kisha uwashe ya kujirekebisha. Mambo ya vyeti si mchezo: Machi 2025 Chromecast za kizazi cha pili ziligoma dunia nzima kwa sababu cheti kilichomo ndani kilikwisha muda, na Google ikabidi watume marekebisho.


Kamau_wa_Bamburi

Imekubali. Fundi wewe una duka wapi nikuletee biashara?


FundiWaMakadara

Njoo na mahamri kwanza.


BintKibokoni

Narudisha majibu. Tumepitisha waya wa LAN kwenye ngazi kama ulivyosema, kijana wa jirani kaupigilia vizuri hauonekani. Kukasti hakukwami tena. Ila kuna kitu: nikiakisi picha za simu, si kukasti, bado yakatakata. Si umesema kuakisi hakupitii ruta?


FundiWaMakadara

Ndiyo, hakupitii, kwa hiyo waya ule haukusaidii hapo. Simu yako ina redio moja ya Wi-Fi, na wakati waakisi yafanya kazi mbili: yazungumza na ruta chini, na yazungumza na TV mbele yako. Jaribu kuitoa simu kwenye Wi-Fi ya nyumbani wakati wa kuakisi picha, lakini Wi-Fi yenyewe usiizime, maana Miracast yaitumia. Na zima kile kipengele cha kuokoa betri. Kwa picha, kwa vile TV yako ni ya Android, waweza pia kukasti kutoka Google Photos, itapita kwenye waya wako mpya.


Ustadh_Likoni

Assalaam aleikum. Nimesoma yote, mashaallah. Sisi tuna madrasa huku Likoni, tumepewa projekta yenye HDMI. Hakuna intaneti. Nataka kuwaonyesha watoto video za tajwid zilizo ndani ya simu yangu ya Android, na kurasa za msahafu kwa PDF. Ninunue kidude gani?


FundiWaMakadara

Waaleikum salaam ustadh. Kama simu yako ina alama ya kuakisi, kidude chochote cha Miracast chatosha, hakihitaji intaneti. Lakini kwa kazi yako sikushauri. Darasani sauti na picha zikiachana hata kidogo, makhraj ya herufi mtoto hayaoni mdomoni.

Geuza projekta uangalie nyuma. Ikiwa na tundu la USB linalocheza faili, tia video kwenye flashi ya GB 16, chomeka, umemaliza, na kidude sahau. Video ziwe MP4, ndizo projekta nyingi zasoma. PDF projekta nyingi hazisomi, kwa hiyo kurasa zigeuze ziwe picha kwanza.


Ustadh_Likoni

USB ipo. Jazakallah kheir. Basi hizo za kidude tutanunulia juzuu.